UZI: Programu za kutengeneza kozi za mtandaoni kwa malipo ya kila mwaka: tulipie, au tubaki na za bure?

MratibuKozi (Kampala)

Salamu wakuu. Kuna bajeti ya kununua programu za kutengeneza kozi na uamuzi unatakiwa mwezi ujao. Machaguo ni matatu: Articulate 360 (ndani yake Storyline ya slaidi na Rise ya kurasa za kivinjari), iSpring Suite, au kubaki na H5P (zana ya bure ya mazoezi shirikishi) ndani ya Moodle, mfumo wetu wa kuendeshea kozi mtandaoni, bila kulipa kitu.

Hali yenyewe: watengenezaji ni watatu, wawili wa Windows na mmoja wa Mac. Kozi 12 kwa mwaka, kila moja dakika 20 hadi 30, kwa Kiingereza, Kiswahili na Luganda. Washiriki kama 300, wengi ni VHT (wahudumu wa afya wa kujitolea vijijini) na wahudumu wa vituo vya afya upande wa Luwero, Gulu na Arua, wanaosoma kwa simu na bando la kujinunulia. Moodle tayari ipo kwenye seva ya kukodi.

Maonyesho ya wauzaji tumeyatazama na yanavutia. Naomba mnieleze kitakachokwama baada ya pesa kutoka.

---

FundiMoodle

Anzia siku usajili unapoisha, halafu rudi nyuma. Watu wengi hulinganisha vitufe na violezo, wakasahau kuuliza nini kinabaki mkononi bajeti ya mwaka wa pili isipopita.

Tenganisha vitu viwili: faili chanzo na kifurushi kilichochapishwa. Kifurushi (ile zip ya SCORM, kiwango cha kufunga kozi ili mifumo iisome, unayopakia kwenye Moodle) ni chako, na kitaendelea kufanya kazi hata kama hujalipa tena. Faili chanzo ndiyo yenye mtego, na kila programu ina mtego wake.

Storyline huhifadhi faili ya .story kwenye kompyuta yako. Usajili ukiisha faili unayo, ila huna programu ya kuifungulia. Rise haina faili chanzo kwako kabisa. Kozi inakaa kwenye seva za kampuni, unaweza kuitoa kama SCORM, tovuti au PDF, lakini hicho ulichotoa hakirudi tena ndani ya Rise kuhaririwa. iSpring iko katikati: chanzo ni PowerPoint, kwa hiyo slaidi na maandishi utayafungua hata bila leseni, ila maswali na maigizo ya mazungumzo uliyotengeneza kwa zana zake yatabaki yamefungwa. H5P ni zip yenye JSON (maandishi ya mpangilio), picha na sauti ndani. Unaihamisha kutoka Moodle moja kwenda nyingine bila kuomba ruhusa ya mtu.

Sasa piga hesabu yako: kozi 12 kwa lugha 3 ni vifurushi 36. Wizara ya Afya ikibadilisha mstari mmoja wa mwongozo wa dawa mwaka wa tatu, nani atafungua vyanzo vya hivyo vifurushi? Hilo ndilo swali la kumuuliza mwenye bajeti.

Kinga yake si ngumu, ila lazima iwe kanuni tangu kozi ya kwanza. Kila kozi iwe na folda ya ofisi yenye hati ya maneno yote katika Word, sauti za WAV kabla ya kubanwa, picha katika ukubwa wake wa asili, video za MP4, na maswali katika muundo wa GIFT ambao Moodle inausoma moja kwa moja. Storyline inaweza kutoa maneno yote ya kozi kwenda Word kupitia sehemu yake ya tafsiri. Fanyeni hivyo kila mnapochapisha, msingoje mwisho wa mwaka.

Na akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya ofisi, kamwe isiwe ya mtu binafsi. Leseni hizi hufungwa kwa jina la mtumiaji. Mfanyakazi akiondoka na akaunti iko kwenye barua pepe yake, kozi za Rise zimeondoka naye.

---

KalamuYaGulu

Naunga mkono yote hayo. Mimi niongeze la simu, maana washiriki wako wote wako huko.

Slaidi ya Storyline haipangi upya vilivyomo, inapungua tu kama picha. Chukua slaidi ya 1280 kwa 720 na simu iliyosimama wima yenye upana wa pikseli 360 za kivinjari. 360 gawa kwa 1280 ni kama asilimia 28. Herufi uliyoandika kwa ukubwa wa 24 itaonekana kama ya 7. Mshiriki atalaza simu, itakuwa afadhali, lakini kitufe cha kubofya bado ni kidogo kuliko kidole gumba.

Rise hupanga upya maandishi kulingana na skrini, na H5P nyingi pia, ila si zote. "Course Presentation" ya H5P ni slaidi, ina ugonjwa uleule. Kwa hiyo msiulize "ipi nzuri", ulizeni ukurasa mmoja unahitaji nini. Mfano, somo la kipimo cha haraka cha malaria: kuchoma kidole, kuweka damu kwenye kidirisha, kutia matone ya kimiminika, kusubiri muda ulioandikwa kwenye kipimo, kusoma mistari. Ukilitengeneza kama zoezi la kukokota vitu kwenye Storyline litapendeza kwenye laptopu ya mkurugenzi. Kwenye simu kidole kinafunika kitu kinachokokotwa, na ukurasa unasogea badala ya kitu kusogea. Weka picha tano zilizosimama wima, kila moja na swali la kuchagua jibu chini yake. Mshiriki anajifunza kilekile, na hakuna kitakachomgomea.

Ukilazimika kutumia Storyline: herufi zisishuke chini ya 32 kwenye slaidi ya 1280, vitufe visipungue pikseli 120 kwenda juu, na jambo moja tu kwa slaidi.

---

MratibuKozi

Asanteni sana. Kumbe Rise peke yake ingetosha? Storyline tunaiacha?

---

KalamuYaGulu

Kwa asilimia kubwa ya mliyoeleza, ndiyo. Storyline ina nafasi yake pale unapohitaji vigezo (thamani ambazo kozi inazikumbuka) na masharti yake: mshiriki akikosea hatua ya pili, hatua ya nne ibadilike. Au kuiga skrini ya programu, kama kufundisha kuingiza takwimu kwenye DHIS2, mfumo wa takwimu za afya. Hapo Rise haikufikishi. Zoezi moja la Storyline unaweza kuliingiza ndani ya somo la Rise, hivyo si lazima kuchagua moja.

Mwenzenu wa Mac aelezwe mapema: Storyline ni ya Windows tu. Atahitaji programu kama Parallels pamoja na leseni ya Windows, na hiyo ni gharama juu ya gharama. Nyongeza ya iSpring kwenye PowerPoint nayo ni ya Windows. Rise na H5P hufunguka kwenye kivinjari, Mac haina shida.

---

FundiMoodle

Sasa tuingie kwenye SCORM, maana hapa ndipo simu za malalamiko zinapotoka.

Moodle inafuata SCORM 1.2. Ya 2004 haiungi mkono kikamilifu, kwa hiyo chapisheni 1.2. Toleo hilo ni la 2001 na lina kikomo kinachouma: kumbukumbu ya mahali mshiriki alipofikia, inayoitwa suspend_data, ina nafasi ya herufi 4,096 tu. Storyline inaandika humo kila slaidi iliyotembelewa, kila kitufe kilichobofywa, kila jibu. Kozi ya slaidi 60 yenye tabaka na maswali mengi inaijaza kabla ya mwisho.

Dalili yake: mshiriki amefika slaidi ya 45, anafunga simu, jioni anarudi na kukuta yuko slaidi ya 28. Watu hulaumu mtandao. Mtandao haujakosa kitu. Kumbukumbu ilipozidi kikomo Moodle iliikataa ikabaki na ile ya mwisho iliyotosha, ya slaidi ya 28.

Dawa ni kugawa kozi ya dakika 30 kuwa vifurushi vitatu vya dakika 10, na slaidi zisizo na swali kuziwekea "Reset to initial state" kwenye sifa za slaidi ili zisihifadhi hali zao. Kabla ya kupeleka Moodle, pakia kwenye SCORM Cloud. Ina akaunti ya bure yenye kikomo na inatosha kujaribia. Pitia kozi mpaka mwisho kisha fungua kumbukumbu za mawasiliano, uone suspend_data imefika urefu gani. Ikiwa karibu na 4,000, gawa.

Jambo la pili ni hali ya kumaliza. SCORM 1.2 ina sehemu moja tu, lesson_status, inayobeba kumaliza na kufaulu kwa pamoja. Storyline ikiambiwa itume "Passed/Incomplete" huku Moodle ikisubiri "completed", mshiriki atapata alama 100 na alama ya vema isitokee kamwe. Kaeni mezani mwandike mchanganyiko mmoja kwa kozi zote 36, pande zote mbili.

La tatu, kukamilika kusihesabiwe kwenye slaidi ya "Asante". Watu wakiona matokeo wanafunga simu. Kukamilika kuwe kwenye slaidi ya matokeo yenyewe. Na kwenye Moodle kozi ifunguke katika dirisha lilelile. Dirisha jipya huzuiwa na vivinjari vingi vya simu, mshiriki anabaki anatazama ukurasa mweupe.

---

SevaMbarara

Nyongeza kwa FundiMoodle. Kwenye mipangilio ya msimamizi wa Moodle, upande wa SCORM, kuna "SCORM standards mode". Ukiizima, Moodle inaruhusu vifurushi vya 1.2 kuhifadhi zaidi ya kile kiwango kinachoruhusu. Inaokoa kozi ambazo tayari zimechapishwa na huwezi kuzigawa tena.

Ila isiwe sababu ya kutengeneza kozi ndefu. Siku mkihamishia vifurushi kwenye mfumo mwingine unaoshika kiwango kwa ukali, tatizo litarudi kama lilivyokuwa.

Na kifurushi kikigoma kupakiwa angalieni mawili. Moja, vikomo vya PHP (lugha inayoendesha Moodle kwenye seva): upload_max_filesize na post_max_size, vyote viwili, maana kupandisha kimoja hakusaidii. Pili, imsmanifest.xml (manifesti, faili inayoorodhesha vilivyomo) iwe kwenye ngazi ya kwanza ya zip. Mtu akifungua zip, akabadilisha picha, akabana folda nzima tena, manifesti inaingia ndani ya folda na Moodle haiioni. Bana vilivyomo, si folda yenyewe.

---

MratibuKozi

Nimenakili yote. Na bando? Wengine wako mahali mtandao unapatikana ukipanda kilimani.

---

SevaMbarara

Hapo ndipo uamuzi wenyewe ulipo, kwa maoni yangu, kuliko jina la programu.

Sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde, mono, ni kilobaiti 8 kwa sekunde, karibu MB 0.5 kwa dakika. Somo zima la dakika 10 ni MB 5. Video ya megabiti 1.5 kwa sekunde ni zaidi ya MB 11 kwa dakika, kwa hiyo dakika 20 ni MB 225. Zidisha kwa washiriki 300, ni GB 67.5 kwa kozi moja, na kila MB wanailipia wao, pamoja na ushuru wa asilimia 12 uliowekwa kwenye data tangu Julai 2021. Picha tuli na sauti zinatosha kwa masomo mengi ya afya. Video ibaki kwa mkono unaofanya kitu: sekunde 40, megabiti 0.6, ni MB 3.

Kwa wasio na mtandao, programu ya simu ya Moodle inaweza kupakua kifurushi cha SCORM 1.2 mshiriki akiwa mahali penye Wi-Fi, akasoma bila mtandao, na matokeo yakapanda atakapounganishwa. Masharti: mpangilio wa "Protect package downloads" uwe umezimwa, kifurushi kiwe zip iliyopakiwa kwenye Moodle yenyewe, na ndani yake pasiwe na video iliyochomekwa kutoka YouTube. Shughuli za H5P nazo hupakuliwa. Somo la Rise lililobaki kwenye kiungo cha kampuni halipakuliki hivyo, ndiyo maana Rise nayo itolewe kama SCORM.

Jaribuni kwa simu ya bei ya chini yenye RAM ya GB 2. Simu ya ofisi msiitegemee kwa jaribio hili.

---

LughaNaSauti (Mbale)

Lugha tatu zina mambo yake, na muuzaji hatakwambia.

Vitufe vya kicheza kozi (endelea, rudi, wasilisha, jaribu tena) huja kwa lugha za kampuni. Storyline na Rise zote hukuruhusu kubadilisha maneno hayo mwenyewe. Kwenye Storyline unahifadhi seti ya maneno kama faili na kuitumia kwa kila kozi. Tengenezeni seti moja ya Kiswahili na moja ya Luganda mara moja, mwenye lugha aisome, kisha ifungwe. Vinginevyo kozi moja itaandika "Wasilisha", ya pili "Tuma", ya tatu "Peleka", na mshiriki ataona ni vitu vitatu tofauti.

Luganda ina herufi ŋ. Fonti nyingi za kupakua kwa ajili ya urembo hazina. Andika "eŋŋoma" kwenye slaidi ya kwanza ya kiolezo, chapisha, fungua kwenye simu. Ukiona kisanduku kitupu au herufi moja imekaa kwa umbo la fonti nyingine, badilisha fonti sasa, kabla hujatengeneza slaidi 400. Noto Sans inayo.

Sauti rekodini wenyewe. Sauti za kompyuta zipo za Kiswahili (Azure ya Microsoft inazo za Kenya na Tanzania), lakini ya Luganda ya kutosha kufundishia msiitegemee, na mshiriki akisikia jina la ugonjwa limetamkwa vibaya anaacha kuamini somo. Chumba kidogo chenye mapazia na magodoro, kipaza sauti cha USB, mdomo umbali wa shibiri moja, sentensi moja moja, kila faili kwa namba ya slaidi. Tafsiri ikiisha ndipo urekodi. Kiswahili kwa kawaida huchukua muda mrefu kuliko Kiingereza, kwa hiyo michoro iliyopangwa kutokea kulingana na sauti ya Kiingereza itatangulia msomaji. Panga muda upya kwa kila lugha.

---

MhasibuJinja

La pesa kwa ufupi. Articulate 360 ni zaidi ya dola 1,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Ukihesabu dola kwa shilingi 3,700, ni zaidi ya milioni 3.7, na mko watatu. Bei halisi ichukueni siku ya kulipa.

Kinachosahaulika ni kodi. Malipo ya leseni au huduma kwa kampuni ya nje isiyo mkazi yana kodi ya zuio ya asilimia 15. Ukilipa kwa kadi, kampuni inachukua dola zote na wewe hukuzuia kitu, ila URA (mamlaka ya mapato) inakutambua wewe kama mzuiaji. Ili kampuni ipokee 1,000 kamili hesabu yako ni 1,000 gawa kwa 0.85, yaani 1,176. Hizo 176 ziwe kwenye bajeti. Kuna pia VAT ya asilimia 18 kwa huduma zilizoagizwa nje, na taasisi isiyoweza kuidai inabaki nayo kama gharama. Mhasibu wenu aangalie hati ya bei kabla ya kadi kuguswa.

Zimeni pia kujilipia kwa kadi mwaka ukiisha, muweke kumbusho siku 60 kabla.

---

Wakala_Arua

Mimi nasema H5P inawatosha na hizo milioni ziende kwenye bando za washiriki. "Branching Scenario" ipo, "Interactive Video" ipo, na tangu Moodle 3.9 ya 2020 vyote vimo ndani. Kipi kinakosekana?

---

FundiMoodle

Ndugu, kwa kiasi kikubwa nakubaliana nawe, ila mambo mawili yasemwe. H5P haina vigezo vya kubebwa kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine kama Storyline, na kuiga skrini ya programu nayo ni kazi ya mkono. La pili, majibu ya H5P husahihishwa ndani ya kivinjari, mwenye ujuzi kidogo anayaona. SCORM ina udhaifu huohuo. Mtihani wa cheti uwekwe kwenye jaribio la Moodle lenyewe, hata mkinunua programu ya bei gani.

Kwa mwanzisha uzi: chukueni leseni moja badala ya tatu. Mtu mmoja wa Windows awe na Articulate kwa yale mazoezi machache yanayoihitaji, wawili wafanye kazi kwa H5P. Kabla ya hapo kuna majaribio ya bure ya Articulate ya siku 30. Msiyaanze mpaka hati ya kozi moja, sauti na picha viwe tayari, vinginevyo siku 20 zitaishia kwenye kuandika. Chukueni kozi ileile moja, mtengeneze mara mbili, kwa H5P na kwa Rise, mhesabu saa za kila upande, kisha mrekebishe mstari mmoja katika lugha zote tatu na mhesabu saa tena. Hesabu ya pili ina uzito kuliko ya kwanza. Vyote vifike kwa washiriki 10 wa Arua, siyo wa Kampala.

Faili za .story zikae kwenye diski ya C: wakati wa kazi. Kufanyia kazi kwenye flashi, folda ya mtandao au OneDrive ndiko kunakoharibu faili. Nakala ndiyo iende huko jioni, kila siku kwa jina jipya lenye tarehe. Na toleo la Storyline liwe moja ofisini: faili iliyohifadhiwa kwa toleo jipya haifunguki kwenye la zamani.

---

SevaMbarara

Moja la mwisho kuhusu data. Sehemu ya Review ya Articulate huweka rasimu na maoni kwenye seva za nje, na Reach (sehemu ya kugawia kozi) huweka majina ya washiriki. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inahusu taarifa za watu zinazosindikwa nje ya Uganda. Matokeo ya washiriki yabaki kwenye Moodle yenu. Picha za skrini za DHIS2 au rejista ya kituo zifutwe majina ya wagonjwa kabla hazijaingia kwenye rasimu, kwa sababu kiungo cha rasimu kikishatumwa WhatsApp hukirudishi.

---

MratibuKozi

Nimeelewa. Tunachukua kozi ya kipimo cha malaria kama jaribio, H5P na Rise sambamba, leseni moja mezani badala ya tatu. Hati na sauti za Kiswahili ziko tayari, Luganda inamalizika wiki hii, na "eŋŋoma" imeshaandikwa kwenye kiolezo. Nitaweka humu saa za marekebisho ya ule mstari mmoja, kwa kila lugha, pande zote mbili.